Kumfundisha Mtoto Kuandika Barua Yenye Hoja

Somo kwa walimu wa shule za msingi, na kwa wazazi pia

Mtoto wa miaka sita ajua kushawishi kabla hajajua kuandika. Akitaka shilingi kumi za mandazi, hamwendei baba asubuhi wakati baba anapotafuta kiatu chake. Humngojea mpaka ale ashibe. Akijua kwamba baba atakataa, humwendea bibi. Akiulizwa, "Na zile za jana?" huwa ana jibu tayari. Hakuna mwalimu aliyemfundisha mambo hayo. Ameyajifunza kwa kuutazama uso wa mtu anayemwomba.

Lakini mtoto huyo huyo akifika Gredi ya 5, akapewa kalamu na karatasi, akaambiwa amwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba darasa lao liruhusiwe kuchukua vitabu vya maktaba nyumbani, werevu wake wote humtoka. Huandika, "Tunaomba sana, tafadhali sana, utusaidie." Ama huijaza karatasi maneno ya mapambo aliyoyakariri. Sababu yake ni moja: kwenye karatasi uso wa mtu hauonekani. Kazi ya mwalimu katika somo hili ni kuurudisha uso huo mbele ya mtoto, ili kabla hajaandika ajiulize maswali mawili: Ni nani atakayeisoma barua hii? Na kwa nini huenda akasema "hapana"?

Maana ya kushawishi

Kwa watu wengi neno kushawishi lina harufu mbaya. Kijana hushawishiwa kunywa pombe. Mzee hushawishiwa kuuza shamba. Basi yafaa mwalimu aanze kwa kutenganisha mambo. Mwenye kudanganya huficha ukweli. Mwenye kutisha humnyima mwenzake nafasi ya kuchagua. Mwenye kulialia hutaka kuhurumiwa tu. Lakini mwenye hoja humwekea msomaji wake sababu na ushahidi, kisha humwachia aamue mwenyewe.

Hoja ina sehemu tatu: neno linalotakiwa, sababu ya neno hilo, na ushahidi wa kuonyesha kwamba sababu hiyo ni ya kweli. Mtoto akiandika, "Shule yetu ipande miti," hilo ni ombi tu. Akiongeza, "kwa sababu hatuna kivuli," ametoa sababu. Akiandika tena, "Jana saa saba mchana wanafunzi 46 walikula chakula chao wakiwa wamesimama kando ya ukuta, maana hapakuwa na kivuli mahali pengine," hapo ametoa ushahidi. Msomaji aweza kutoka nje saa saba akajionea mwenyewe.

Hapa kuna desturi moja ambayo yapasa iangaliwe. Mtihani wa KCPE, uliofanywa nchini Kenya kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 2023, ulikuwa na sehemu ya insha, na katika shule nyingi watoto walizoezwa kukariri maneno mazuri ya kuipamba. Jogoo wakawika, jua likachomoza, machozi yakatiririka njia mbili mbili. Mtihani huo umekwisha, lakini desturi haikwisha pamoja nao. Si kwamba mapambo ni mabaya. Hadithi yataka mapambo. Lakini mtu mwenye kuamua jambo haulizi jua lilichomozaje. Yeye huuliza: Kwa nini? Kiasi gani? Nani atalipa? Nani atafanya kazi hiyo?

Barua mbili za mtoto mmoja

Chukua mfano wa msichana wa Gredi ya 6 katika kijiji ambacho siku yake ya soko ni Jumanne. Baba yake yuko Nairobi kwa kazi ya ulinzi. Mama yake huuza mboga sokoni, na kila Jumanne msichana hubaki nyumbani kumlea mdogo wake. Mwalimu amewaambia wanafunzi waandike barua ya kuomba jambo wanalolihitaji kweli kweli, naye amechagua kumwandikia baba. Barua yake ya kwanza ni hii:

"Baba mpendwa, shikamoo. Natumaini u buheri wa afya kama ngarange za mvule. Nakuandikia waraka huu huku machozi yakinitiririka njia mbili mbili. Baba, elimu ni ufunguo wa maisha, na elimu ni bahari. Naomba sana sana uniruhusu niende shule kila siku kama watoto wengine. Tafadhali baba, nihurumie. Wako mtiifu."

Barua hii haina kosa la herufi. Adabu imo, na mwandiko ni mzuri. Lakini mfikirie baba anapoisoma usiku, kwenye kibanda chake cha ulinzi langoni. Kwamba elimu ni ufunguo alikuwa akijua. Ndiyo maana akanunua sare ya shule. Machozi yamemhuzunisha, lakini hayakumwonyesha njia. Neno moja tu limo moyoni mwake: "Mtoto mdogo atakaa na nani?" Barua haikulijibu neno hilo. Basi baba atakataa, au hatajibu kabisa, nayo maisha ya nyumbani yataendelea kama yalivyokuwa.

Baada ya masomo yatakayoelezwa hapa chini, msichana yule aliandika barua ya pili:

"Baba mpendwa, shikamoo. Sisi hapa nyumbani tu wazima, na mama anakusalimu. Nakuandikia kuhusu siku za Jumanne. Tangu muhula uanze, wiki kumi zimepita, na nimekosa shule Jumanne nane. Mwalimu amenionyesha katika daftari la mahudhurio. Siku hiyo ndiyo tunayofundishwa sehemu katika hesabu. Katika jaribio la mwisho nilipata 9 kwa 20. Kati ya maswali 11 niliyoyakosa, 7 yalikuwa ya sehemu.

"Najua utasema kwamba mama hawezi kuacha soko, na ni kweli, maana fedha za soko ndizo zinazotununulia chakula. Najua pia kwamba hatuwezi kumwandika yaya. Kwa hiyo nilizungumza na mama na bibi. Bibi amesema mgongo hauwezi kumruhusu kukaa na mtoto kutwa, lakini anaweza kukaa naye mpaka saa saba. Hesabu hufundishwa asubuhi. Naomba uniruhusu niende shule Jumanne asubuhi, na saa saba nitarudi nyumbani kumpokea bibi mpaka mama atakaporudi. Maji ya siku hiyo nitayateka Jumatatu jioni. Tujaribu hivyo mpaka muhula ufungwe, kisha nitakutumia matokeo ya jaribio lijalo uyaone mwenyewe. Mwanao."

Mwalimu na awaulize wanafunzi: Tofauti ya barua hizi mbili ni nini? Wengi watasema kwamba ya pili ina hesabu. Hilo ni kweli, lakini si hilo peke yake. Barua ya kwanza inamzungumza mtoto tu. Ya pili imeingia moyoni mwa baba, ikaikuta "hapana" yake imeketi humo, ikaiheshimu, ikaijibu. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwandishi huinama anapokubali kwanza kuutazama mzigo wa mwenzake.

Hatua sita za kufundisha

Hatua ya kwanza ni mazungumzo kabla ya maandishi. Mwalimu aweke kiti mbele ya darasa, na mwanafunzi mmoja akikalie awe ndiye baba, au mwalimu mkuu, au chifu. Wenzake watoe maombi yao, naye ajibu kila mara, "Hapana, kwa sababu..." Mwalimu aandike ubaoni kila sababu ya kukataa. Watoto hupenda sana mchezo huu, na kwa muda mfupi ubao hujaa.

Hatua ya pili ni kuchagua sababu. Kila mtoto aandike sababu tano za ombi lake, kisha aweke alama kwenye zile ambazo zina uzito kwa msomaji, si kwake mwenyewe tu. "Nataka kucheza mpira" ni sababu ya mtoto. "Watoto wakicheza uwanjani hawatacheza barabarani penye pikipiki" ni sababu ya mzazi. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mwandishi mwema huivuta ngozi upande wa msomaji pia.

Hatua ya tatu ni ushahidi. Watoto watoke nje wakahesabu, wakapime, wakaulize. Ni madawati mangapi yaliyovunjika? Ni dakika ngapi kutoka shuleni mpaka bomba la maji? Mwalimu awakataze kabisa kubuni hesabu. Msomaji akigundua uongo mmoja, hataamini hata yale yaliyo kweli, na barua nzima imekufa.

Hatua ya nne ni kuijibu "hapana." Hii ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Mtoto apewe maneno ya kumsaidia: Najua utasema kwamba... Ni kweli kwamba... Hata hivyo... Ingawa... Iwapo... Kwa hiyo... Maneno haya madogo ni kama bawaba za mlango. Bila hayo mlango haufunguki. Mtoto afundishwe kukubali lililo kweli katika sababu za mwenzake. Mwenye kukubali kweli ya mwenzake huaminiwa anaposema ya kwake.

Hatua ya tano ni kuomba jambo moja, dogo na lililo wazi. "Nihurumie" si ombi, kwa kuwa baba hajui afanye nini. "Niende shule Jumanne asubuhi mpaka muhula ufungwe" ni ombi ambalo laweza kujibiwa ndiyo au la. Kadhalika mwombaji aseme yeye mwenyewe atatoa nini.

Hatua ya sita ni kusoma kwa sauti na kuandika upya. Mtoto amsomee barua yake yule aliyekalia kiti, naye aseme ni wapi ambapo bado hajaridhika. Barua iandikwe tena. Mtoto asidhani kwamba kuandika mara ya pili ni adhabu. Hata wakubwa wenye barua nzuri huziandika zaidi ya mara moja.

Katika kusahihisha, kalamu nyekundu isitafute makosa ya herufi peke yake. Kama barua ina alama 20, yafaa mwalimu atoe 4 kwa kumjua msomaji, 4 kwa sababu, 4 kwa ushahidi, 4 kwa kuijibu "hapana," na 4 kwa lugha sanifu na mpango wa barua. Mtoto akiona alama zinatolewa mahali gani, ndipo atakapotia bidii.

Jambo moja, wasomaji wawili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Msichana wa mfano wetu angeweza kulitaja neno hilo. Kwa nini hakulitaja? Kwa sababu msomaji wake alikuwa baba yake, mtu ampendaye na mwenye shida za kweli. Kumwambia kwamba anavunja sheria kungemfungia mlango hata kabla hajaimaliza barua. Lakini kama mtoto angekuwa ameachishwa shule kabisa, na mwalimu wake akamwandikia chifu, sheria ndiyo ingekuwa sababu ya kwanza kutajwa, maana kazi ya chifu ni kuona kwamba sheria inafuatwa. Jambo ni moja, lakini kwa kuwa wasomaji ni wawili, barua pia ni mbili. Zoezi hili la kuandika jambo moja kwa watu wawili lina faida kubwa, na mwalimu asiliache.

Elimu hii si ngeni. Yapata miaka 2,300 na zaidi iliyopita, Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba msemaji humvuta msikilizaji kwa njia tatu: kwa tabia yake mwenyewe inayoaminika, kwa kuigusa mioyo ya wasikilizaji, na kwa hoja. Wazee wa baraza katika nchi hii walizijua njia hizo bila ya kumsoma. Mzee mwenye sifa mbaya hakusikilizwa hata akisema kweli. Methali iliigusa mioyo. Na shauri halikukatwa mpaka mashahidi wasikiwe.

Kenya ina mfano mkubwa wa nguvu ya barua. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mahali ambapo watu wa jiji wasio na bustani zao hupumzika. Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, aliupinga mpango huo kwa kuandika barua nyingi. Aliandikia ofisi ya Rais, tume ya jiji, na wakuu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia pia Sir John Johnson, balozi wa Uingereza jijini Nairobi, kwa sababu Robert Maxwell wa Uingereza alikuwa mmoja wa wenye hisa kubwa katika mpango ule. Katika barua hiyo alilinganisha kulijenga jumba ndani ya Uhuru Park na kujenga jumba kama hilo ndani ya Hyde Park ya London. Mtazame hapo mwandishi anayemjua msomaji wake. Mwingereza yule huenda asingeumia kwa ajili ya bustani ya Nairobi, lakini Hyde Park aliijua.

Barua hizo hazikushinda kwa siku moja. Maathai alitukanwa hata Bungeni, na shirika lake la Green Belt Movement likafukuzwa katika ofisi zake. Lakini habari zilienea, watu wengine wakapaza sauti, na mwanzoni mwa mwaka 1990 wenye mitaji kutoka nchi za nje wakajitoa. Uhuru Park haikujengwa jumba lile.

Hofu ya wazazi

Huenda mzazi akasema: "Mtoto akifundishwa haya atakuwa mbishi. Kila nikimtuma atanidai sababu." Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana heshima kwa wakubwa ni nguzo ya nyumba. Lakini tazama barua ya pili ya msichana yule. Shikamoo imo. Kazi ya mama imeheshimiwa, na mgongo wa bibi umekumbukwa. Mtoto hawezi kuijibu "hapana" ya baba yake mpaka kwanza ajifunze kuieleza kwa haki. Mbishi hafanyi hivyo. Mbishi husikiliza sauti yake tu.

Tena yafaa kukumbuka kwamba mtoto asiye na njia ya kusema hutafuta njia nyingine. Mwaka 2016 mabweni ya shule nyingi za sekondari nchini Kenya yaliteketezwa kwa moto. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na hakuna sababu inayohalalisha kosa hilo. Lakini kijana aliyezoea tangu Gredi ya 5 kuandika, "Bwana Mwalimu Mkuu, jambo hili linatusumbua, ushahidi wake ni huu, na tunapendekeza hivi," ana kitu kingine mkononi badala ya kiberiti.

Faida nyingine ni kwamba mtoto ajuaye jinsi ya kushawishi huwa mgumu kudanganywa. Atakaposikia tangazo la mchezo wa kamari linalomwahidi utajiri, au mtu wa siasa anayemtukana mpinzani wake bila ya kutoa hoja hata moja, atauliza lile swali alilofundishwa darasani: "Ushahidi uko wapi?"

Wajibu wa anayeandikiwa

Hata hivyo somo hili lote laweza kuharibiwa na mtu mmoja, naye ni yule aliyeandikiwa. Mwalimu mkuu akipokea barua 40 za wanafunzi na kuzitia kabatini, watoto 40 wamejifunza kwamba karatasi haina kazi, na kwamba hoja ni mchezo wa kutafutia alama. Si lazima akubali kila ombi. Aweza kukataa yote. Lakini na ajibu, tena atoe sababu, kama vile wao walivyotoa. Jibu la "hapana" lenye sababu humfundisha mtoto zaidi kuliko ukimya, na tena humfundisha zaidi kuliko "ndiyo" isiyokuwa na sababu.

Ndivyo ilivyo pia kwa baba aliye mbali, awe amepokea karatasi au ujumbe wa simu. Aweza kuikubali Jumanne asubuhi, au aweza kuona kwamba bibi amezeeka mno na kutafuta shauri jingine pamoja na mama. Lakini hawezi tena kusema kwamba hakuelezwa. Mtoto wake amehesabu siku zake, amewauliza wakubwa, na amejitolea kuteka maji. Iliyobaki ni zamu ya baba kushika kalamu.

Zoezi: Kila mwanafunzi achague jambo moja linaloweza kubadilishwa shuleni au nyumbani. Aandike jina la cheo cha mtu awezaye kuliamua. Aandike sababu tatu ambazo mtu huyo aweza kuzitoa za kukataa, na ajibu kila moja kwa sentensi mbili. Baada ya hapo ndipo aandike barua yake, isizidi ukurasa mmoja. Mwalimu ahakikishe kwamba barua hiyo inamfikia mwenyewe, na kwamba inajibiwa.